Aliye juu na aliye chini: nani ana haki ya maji ya Mto Ruaha?



Wengi wenu mnakumbuka mwishoni mwa Oktoba 2022, pale wakazi wa Dar es Salaam walipotangaziwa mgao wa maji. Mvua za vuli zilichelewa, Mto Ruvu ukapungua, na familia ambazo zilikwishasahau ndoo zikaanza tena kupanga madumu barazani. Haukupita muda vidole vikaelekezwa juu ya mto: kuna wakulima wanachepusha maji, kuna mifugo imejaa kingoni. Mjini jambo hilo lilionekana kama msiba mpya. Kwa nchi nzima halikuwa jipya hata kidogo. Bonde la Usangu, katika nyanda za juu za kusini, limekuwa katika mgogoro wa namna hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, na anayetaka kujua mji wake utapitia nini ukame ukizidi, basi na aitazame Usangu.

Tunaona ni wajibu wetu kulileta suala hili kwenye ukurasa huu kwa sababu mbili. Kwanza, chakula na umeme wa nchi hii vimefungamana na maji yale. Pili, ugomvi wa mwenye shamba la juu na mwenye shamba la chini ni miongoni mwa migogoro ambayo Mtume (S.A.W.) aliihukumu mwenyewe, na hukumu yake ina mafunzo ambayo wataalamu wetu wa maji wameyafikia kwa njia nyingine, tena baada ya gharama kubwa.

Kwanza tuelezee bonde lenyewe. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na mingineyo huteremka kutoka safu za Kipengere na Uporoto, ikaingia katika uwanda tambarare wa Usangu. Huko maji hukusanyika katika ardhi oevu ya Ihefu. Ihefu ni kama bakuli lenye ukingo wa mwamba upande mmoja, mahali paitwapo Ng'iriama. Maji yakiwa juu ya mwamba ule, hufurika na kutoka, na hapo ndipo Mto Ruaha Mkuu unapoendelea na safari yake kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha bwawa la Mtera, kisha Kidatu, hata ukaungana na mito mingine na kuwa Rufiji. Maji yakishuka chini ya mwamba, hakuna kinachotoka. Bakuli linaweza kuwa na maji ndani yake, yakaendelea kupanda kwa mvuke wa jua, na mto ulio mbele ukawa mkavu kabisa.

Hali hiyo ilitokea mwaka 1993. Mto ambao wazee waliufahamu kuwa unatiririka mwaka mzima ulikatika mwishoni mwa kiangazi, na tangu wakati huo umekuwa ukikatika takriban kila mwaka, mara wiki chache, mara miezi. Viboko wakabanana katika vidimbwi vilivyobaki. Mwaka 2001 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Frederick Sumaye, akiwa London, aliahidi mbele ya walimwengu kwamba ifikapo mwaka 2010 Ruaha Mkuu utatiririka tena mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika ukapita.

Kwa nini ahadi ile haikutimia? Jibu jepesi lililotolewa kwa miaka mingi lilikuwa ni ng'ombe. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, wengi wakaelekezwa mikoa ya Lindi na Pwani. Safari ile ilikuwa ya mateso, mifugo mingi ikafa njiani, na malalamiko yakawa makubwa hata Serikali ikaunda tume ya kuyachunguza. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya Usangu ikaingizwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Hatusemi kwamba mifugo kupita kiasi haiharibu ardhi oevu, huiharibu. Lakini tuulize swali ambalo mtu muadilifu hana budi kuliuliza: wafugaji walipoondoka, je, mto ulirudi? Haukurudi. Kiangazi kilichofuata mto uliendelea kukauka, kwa maana ng'ombe hunywa, lakini hachimbi mfereji.

Maji yale huchukuliwa na mpunga, na katika jambo hili sote tunaokula wali ni washirika. Kilimo cha umwagiliaji Usangu kilianza zama za ukoloni wa Kiingereza, na miongoni mwa walioanzisha mashamba ya mpunga wa mifereji walikuwa ndugu zetu Mabulushi. Baada ya uhuru yakaja mashamba makubwa ya Mbarali, Kapunga na Madibira, na pembeni yake maelfu ya wakulima wadogo, kila mmoja na majaruba yake. Mchele wa Mbeya ukapata jina nchi nzima. Hakuna haramu wala aibu katika hayo. Aibu, kama ipo, imo katika jambo dogo la kiufundi ambalo watu wachache hulizungumza.

Zamani mkulima alikuwa akitengeneza banio lake kwa mawe, miti na majani. Banio la namna ile lilikuwa likivuja. Lilichukua sehemu ya maji, na sehemu nyingine ikapita yenyewe kwenda kwa jirani wa chini, upende usipende. Na mafuriko yalipokuja yakalibomoa, mkulima akaanza upya. Kisha ukaja msaada wa maendeleo: mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Yaliitwa mabanio yaliyoboreshwa, na kwa masika yalikuwa bora kweli. Lakini kiangazi, mto ukiwa mwembamba, banio la zege lina uwezo wa kumeza mto mzima bila kubakiza hata kata moja. Uvujaji ule uliodhaniwa kuwa ni kasoro ndio uliokuwa haki ya jirani. Tumeondoa kasoro, na haki ikaondoka nayo.

Watafiti waliofanya kazi Usangu kati ya mwaka 1998 na 2005, katika miradi iliyojulikana kwa vifupisho vya SMUWC na RIPARWIN, waliyaona hayo, na wakaona na mengine ambayo hayakuwapendeza wakubwa. Mojawapo lilihusu umeme. Ilikuwa imezoeleka kusema kwamba Mtera inakauka kwa sababu ya wakulima wa Usangu. Watafiti wakabainisha kwamba maji yanayojaza Mtera huingia kwa wingi wakati wa masika, na yale yanayochepushwa kiangazi ni kidogo mno mbele ya ujazo wa bwawa lile. Upungufu wa umeme ulitokana zaidi na namna mabwawa yalivyoendeshwa, yaani kufungulia Mtera maji mengi kuliko yaliyokuwa yakiingia. Kwa hiyo ni mambo mawili: mkulima wa kiangazi ndiye anayekausha mto ndani ya hifadhi, lakini si yeye aliyezima taa za Dar es Salaam. Mwenye kuyachanganya mawili haya humdhulumu mmoja na kumficha mwingine. Ukame wa mwaka 2005 na 2006 ulipoleta giza, nchi ilikimbilia umeme wa dharura, na kutoka hapo ukazaliwa mkataba wa Richmond uliomfanya Waziri Mkuu ajiuzulu Februari 2008. Siku zile hatukumsikia mtu akiuliza nani aliyekuwa ameshika funguo za Mtera.

Sasa tuje kwenye hukumu tuliyoiahidi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Zubayr bin al-Awwam (R.A.), mtoto wa shangazi yake Mtume (S.A.W.), aligombana na mtu mmoja katika Ansari juu ya mfereji wa maji ya mvua uliotoka katika uwanda wa mawe wa Harra, nje ya Madina, ambao walinyweshea mitende. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Ansari akataka maji yaachwe yapite, Zubayr akakataa. Shauri likafika kwa Mtume (S.A.W.), naye akamwelekeza Zubayr anyweshe, kisha amwachie jirani yake. Ansari akakasirika, akadai kwamba Zubayr amependelewa kwa sababu ya udugu. Hapo uso wa Mtume (S.A.W.) ukabadilika, akamwambia Zubayr anyweshe na ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, ndipo ayaachie. Wanazuoni wakakadiria kiasi kile kuwa ni maji kufika kwenye vifundo vya miguu. Na katika Muwatta ya Imam Malik imepokewa hukumu kama hiyo juu ya mabonde ya Mahzur na Mudhaynib: wa juu azuie mpaka vifundo, kisha amfungulie wa chini.

Tafadhali, ndugu msomaji, usilipite jambo hili haraka. Wengi wanaposikia kisa hiki hushika neno moja tu, kwamba wa juu ana haki ya kutangulia. Ni kweli, anatangulia. Lakini haki yake ina kipimo, na kipimo chenyewe kimewekwa shambani, kwenye mguu wa mtu, ambapo hata mtoto anaweza kukishuhudia. Zaidi ya hapo, wanazuoni wameeleza kwamba hukumu zilikuwa mbili. Ile ya kwanza ilikuwa suluhu: Zubayr aliombwa achukue chini ya haki yake kamili ili jirani apate. Ile ya pili ndiyo haki kamili, na ilitolewa baada ya suluhu kukataliwa. Maana yake ni kwamba maji yakiwa machache, mahali pa kuanzia ni suluhu. Anayekimbilia haki kamili siku ya kwanza ameanza safari kutoka mwisho.

Mafakihi wakaendelea kufafanua. Wakatenganisha haki ya kiu, yaani kunywa kwa binadamu na wanyama, na haki ya kunywesha mashamba. Ya kwanza hutangulia. Ibn Qudama na wengineo wakasema kwamba mtu hawezi kufufua shamba jipya juu ya mto na kuwatangulia wale waliokuwa wakilima chini tangu zamani, ikiwa kufanya hivyo kutawadhuru. Hili la mwisho lingewafaa sana wenzetu wa kijito cha Mkoji, huko magharibi mwa Usangu, ambako bustani za kiangazi zimepanda milimani, na vijiji vya bondeni vilivyozoea maji ya kijito kile vikabaki vikitazama mchanga.

Sheria ya nchi yetu haipingani na hayo. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 zimeweka matumizi ya binadamu mbele, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo yaje matumizi mengine. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipo, jumuiya za watumia maji zipo. Tatizo limejificha ndani ya kibali. Kibali cha kutumia maji huandikwa kwa kiasi kisichobadilika, lita kadhaa kwa sekunde, kana kwamba mto nao umetia sahihi. Katika mito kadhaa ya Usangu, ukijumlisha vibali vyote, jumla yake inazidi maji yanayopita mtoni wakati wa kiangazi. Wote wana karatasi halali, na karatasi haziwezi kutimizwa zote. Mbaya zaidi, mtu aliyelipa ada ya kibali hudhani kwamba amenunua maji, hivyo huona ni hasara kufunga lango. Ada iliyokusudiwa kumfundisha kubana matumizi imemfundisha kinyume chake. Sheria inatoa mwanya wa kupunguza viwango wakati wa ukame, lakini kupunguza kwa barua kutoka Iringa, mto ukiwa umekwisha kukauka, ni sawa na kumpa maiti dawa.

Wenzetu wa Oman, ambao wengi wa wasomaji wa pwani na Visiwani wana udugu nao, walilitatua fumbo hili karne nyingi zilizopita katika aflaji, ile mifereji inayotoa maji chini ya milima, ambayo mitano kati yake iliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006. Katika falaji mtu hamiliki lita. Anamiliki muda: zamu ya nusu saa, au zaidi, iliyopimwa zamani kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mwaka wa mvua, nusu saa ile huleta maji mengi; mwaka wa ukame huleta machache, na wote hupungukiwa kwa uwiano ule ule. Na maji ya kunywa huchukuliwa mwanzo wa mfereji, kabla hayajafika kwenye shamba la yeyote. Hapa kwetu Wapare wa Same wana ndiva, bwawa dogo la kijiji linalokusanya maji usiku na kufunguliwa asubuhi kwa zamu. Qur'ani nayo, katika Surat al-Qamar aya ya 28, inataja kugawanywa kwa maji kwa zamu baina ya kaumu ya Nabii Swaleh na yule ngamia. Zamu si fikra ngeni kwetu, wala haikuletwa na wafadhili.

Lazima hapa tutahadharishe juu ya tiba moja inayopendwa sana, nayo ni kusakafia mifereji ili maji yasipotee. Inasikika vizuri. Lakini maji yanayovuja kutoka kwenye majaruba ya juu, sehemu yake hurudi mtoni au huingia mfereji wa jirani, na jirani huyo anayategemea. Ukisakafia mfereji wa juu, kisha mwenye mfereji akapanua shamba kwa maji aliyoyaokoa, hukuokoa kitu. Umehamisha riziki ya mtu wa chini ukampa wa juu, na ripoti ikaandika kwamba ufanisi umeongezeka. Kusakafia kuna maana pale tu lango linapofungwa kwa kiasi kile kile kilichookolewa.

Watafiti wale wa Usangu walibuni mchezo ambao kwa maoni yetu ulifanya kazi kuliko semina nyingi. Walitengeneza ubao mrefu ulioinama, wenye mchoro wa mto na mifereji, wakamimina gololi kuwa ndiyo maji. Wakulima walikaa kandokando, kila mmoja akiweka kijiti chake kuwa banio. Aliyekaa juu akajikuta na gololi tele, wa mwisho akabaki mikono mitupu. Kisha wakabadilishana nafasi. Mtu aliyekuwa akicheka juu ya ubao akaonja kukaa chini yake, na mazungumzo ya zamu yakaanzia hapo, baina yao wenyewe.

Jambo jingine walilopendekeza ni rahisi kiasi cha kushangaza. Mifereji mingi ya Usangu haifungwi kiangazi kwa sababu vijiji hunywa na kufua humo. Ili ndoo chache zifike kijijini, mkondo mzima hupelekwa kilometa nyingi, na mwingi wake huishia ardhini na angani. Kijiji kikipata visima, lango linaweza kufungwa bila mtu kulala na kiu, na maji yakaenda Ihefu kuinua lile bakuli. Kwa hiyo anayetaka kutoa sadaka ya kisima, na wapo wengi wanaotuuliza wapeleke wapi, asifikirie maeneo makame peke yake. Kisima kando ya mfereji wa Mbarali humnywesha mwanakijiji, na kwa kufungwa lango humnywesha kiboko aliye mbali huko hifadhini.

Kuna watakaosema kwamba sasa mambo yamebadilika, kwa kuwa bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi ya Taifa mwaka 2024. Ni neema, tunashukuru. Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji. Sehemu kubwa hutoka Kilombero. Lakini Kilombero nako kuna mpunga, kuna miwa, kuna mifugo iliyohamia, na kuna watu wanaotafuta ardhi kama walivyoitafuta Usangu. Yaliyotokea juu ya Ng'iriama yanaweza kutokea huko, na safari hii kilicho chini ya mto ni umeme wa nchi nzima.

Mkulima wa Usangu huanza kitalu cha mpunga Oktoba au Novemba, kabla ya mvua, ili avune mapema na kuuza kwa bei nzuri. Huo ndio wakati mto ulipo mwembamba kuliko wakati wote, na ndio wakati malango yote hufunguliwa kwa pamoja. Kikao cha kupanga zamu kikiitishwa Oktoba, kitakuwa kikao cha watu waliokwisha kukasirika. Kiitishwe Juni, maji yangali yapo, na tarehe ya kufunga kila lango iandikwe kwa jina la banio na kubandikwa mahali ambapo watu wa juu na wa chini hupita, ofisi ya kijiji au ukuta wa msikiti. Mwenye ndugu Mbarali au Rujewa na ampigie simu leo baada ya sala, amuulize kama kwa mwaka huu tarehe hiyo imekwisha kuandikwa.